Kidonge cha Siku za Kikohozi

Fundi alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye cherehani, na miwili ya mwisho aliishona akijua choo kiko hatua ngapi kutoka kwenye kiti chake. Kumi na nne. Vidonda vya utumbo mpana havimsubiri mtu amalize pindo.

Hospitali walimpa dawa, na dawa ikamkubali. Damu ikakata, tumbo likatulia, akarudi kushona suti. Daktari alimweleza kuwa kinga ya mwili wake imemgeuka, inautafuna utumbo wake mwenyewe, na kazi ya dawa ni kuipunguza makali.

"Ila jichunge na wenye mafua. Homa ikikupanda, usijitibu. Njoo."

Wifi yake, aliyeshona kwenye cherehani ya pili, aliposimuliwa alilishika hilo la mafua tu.

"Yaani unameza kitu cha kukuvua koti kwenye baridi?"

"Wifi, acha maneno yako."

"Haya. Mteja akikukoholea unampima shingo, usiniite."

Maneno yakamwingia. Akajitungia sheria: siku akija mteja mwenye kikohozi, kidonge hakimezwi, ili kinga iamke kidogo. Akajiona ana akili kweli. Lakini msimu wa baridi ulipoingia, nani hakohoi? Wiki moja akameza viwili, iliyofuata kimoja. Mwezi haujaisha, damu ikarudi, na hata hatua kumi na nne zikawa safari.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, dawa hii huwezi kuiwasha na kuizima kama taa. Ukiruka siku moja, kinga hairudi kukulinda na mafua. Ukiruka mwezi, utumbo unaungua. Mafua tuna namna ya kuyatibu, na chanjo yake utachoma leo. Utumbo ukishindikana, tunaukata."

Alirudi kazini mwili mnyonge, moyo ameukaza. Meza ya kupimia aliisogeza mwenyewe hadi barazani, penye hewa. Kidonge akakipangia saa tatu asubuhi, kikohozi kiwepo kisiwepo.

Siku ya tatu, saa tatu kamili, akaingia mwalimu mkuu, mteja wake wa miaka mingi, anataka suti na anakohoa kama pikipiki iliyogoma. Wifi akainua macho. Fundi akameza kidonge chake, akashushia maji taratibu.

"Mwalimu, rudi hapo barazani. Shika utepe, jipime kifua, unisomee namba."

"Leo nimekuwa mchafu, fundi?"

"Wewe msafi. Kinga yangu iko likizo, na ruhusa nimeitoa mimi."

Mwalimu akacheka, akakoholea kwenye kiwiko, akajizungushia utepe kiunoni badala ya kifuani. Wifi akashindwa kuvumilia. Akaacha cherehani, akajifunga kitambaa puani, akatoka nje.

"Lete huo utepe, mwalimu. Ukijipima mwenyewe utavaa gunia." Kisha, bila kugeuka: "Na wewe kaa hukohuko ndani, uandike."

Fundi akavuta daftari, akaandika.