Bi Pambizo na Ripoti ya Mwalimu Mkuu

Jina analoitwa na wote ni Bi Pambizo, binti wa fundi saa aliyemrudishia bwana mkubwa mmoja saa yake mbovu vile vile ilivyokuja, kisa aliitwa "we fundi". Ni mjukuu wa mkunga aliyewapanga waume barazani na kuwaita mmoja mmoja kama mahakamani. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, tena akiwa wa kwanza. Akajifunza kupiga chapa kwa vidole viwili, na sasa ni mwaka wa thelathini na moja anachapa ripoti za utafiti katika kibanda cha steshenari ubavuni mwa geti la chuo. Mwongozo wa chuo anao kichwani: kushoto inchi moja na nusu, kwingine inchi moja, nafasi mbili kati ya mistari. Ukimletea kazi iliyobana pambizo ya kushoto, anaisukuma kwa kidole bila kuinua macho. Jina likamganda hapo.

Jumatatu moja aliingia Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, kapakata bahasha kama anayempeleka mtoto kliniki. Hawa wawili walisoma darasa moja. Mwalimu ndiye aliyekuwa wa pili, na Bi Pambizo hajawahi kulisahau jambo hilo, wala kumwachia mwenzake alisahau.

Mwalimu alikuwa na shida ya kweli. Amri ilikuwa imetoka kwamba mkuu wa shule asiye na shahada ifikapo mwisho wa mwaka ampishe mwenye nayo, na msaidizi wake alishaanza kupima madirisha ya ofisi kwa ajili ya mapazia. Ripoti yake ya utafiti, ya kumalizia shahada hapo chuoni, msimamizi wake alikuwa ameirudisha mara mbili. Ikirudi ya tatu, shahada imekwenda na maji. Mwisho wa kuipeleka ulikuwa Ijumaa saa sita mchana.

Bi Pambizo huanzia mkiani, kwenye marejeo. Kitabu kilichotajwa ndani lazima kiwepo mkiani, na cha mkiani lazima kiwe kimetajwa ndani. Kisicho na kwao humwita yatima. Penseli ikapita, ikahesabu mayatima thelathini na wanne. Akamuuliza katika vyote hivyo amesoma vingapi. Mwalimu akasema vitatu. Alipoangaliwa kidogo, akasema kimoja na nusu.

Bi Pambizo akarudi mwanzo. Ripoti ilihusu kwa nini watoto huacha shule kabla ya darasa la saba. Ili asikosee mtindo, Mwalimu alikuwa ameazima ripoti ya jirani yake nesi, akabadilisha vichwa vya habari na kuacha mengi yaliyobaki.

"Mwalimu, ukurasa wa kumi na nne watoto wako wamelazwa."

"Wamelazwa wapi?"

"Wodini. Ukurasa wa ishirini na moja wawili wameruhusiwa kurudi nyumbani. Mmoja kafa, pole sana."

Mwalimu akavua miwani. Akamsihi Bi Pambizo awafute tu wagonjwa, anyooshe pambizo, kazi iende. Bi Pambizo angeweza, ni shughuli ya saa mbili. Lakini aliona wazi kwamba Ijumaa Mwalimu angempelekea msimamizi maiti iliyovaa suti. Akageuza kiti.

"Niambie kwa mdomo. Watoto wanaacha shule kwa nini?"

"Kwa mujibu wa wataalamu..."

"Kiraka. Nimekuuliza wewe."

Hilo lilikuwa jina la utani alilolipata kwa kaptula yake ya darasa la tatu, na hakuna aliyethubutu kulitamka tangu apewe ofisi. Mwalimu akasema, polepole, kwamba ni tangu madarasa ya juu yahamishiwe ng'ambo ya barabara kuu. Watoto wanaokaa upande wa huku, penye karakana, hawavuki, wazazi wanaogopa malori. Rejista zote za mahudhurio anazo kabatini, miaka ishirini na miwili, mwandiko wake mwenyewe.

"Na hapa umeliandika ukurasa gani?"

"Halimo kwenye vitabu, dada."

"Yaani jambo unalolijua wewe umelifungia kabatini, ukaenda kumwazima nesi wagonjwa."

Akachukua karatasi safi, akaikunja kushoto inchi moja na nusu kwa jicho tu, akaandika mistari mitano: swali, wenzako wamesema nini, umehesabu vipi, umeona nini, kwa hiyo nini. Kiunzi hicho ndicho kilichokuja kumvusha. Ripoti ipo maktaba ya chuo mpaka leo, rafu ya chini, karibu na ndoo ya kudekia. Lakini Jumatatu ile mbele ya kila mstari palikuwa patupu, na alipompa Mwalimu kalamu, Mwalimu akamrudishia, akidhani atajaziwa.

Bi Pambizo hakuipokea.

"Nenda kafungue rejista. Hesabu mwaka kwa mwaka, kabla ya kuhama na baada ya kuhama. Kisha kila mstari hapa uujaze kwa sentensi moja, ya kwako. Jumatano saa mbili asubuhi niwe nayo mezani, ndipo niwashe mashine."