Upinde Nilioutundika Tena

Iko siku moja, mwanangu, inayonirudia kila nikishika pamba. Daftari langu la mwaka ule liko hapa mezani, lakini siku yenyewe niliiandikia mistari miwili tu, na wa pili nikaukata. Kwa hiyo haya nakuambia kutoka kichwani, na kichwa changu si cha kuaminiwa kwa kila jambo. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Nilikuwa na mwaka wa tatu hapa Guangzhou. Shule yangu unaijua, darasa la saba la Manyoni, basi. Kichina nilikiokota kwenye viwanda vya jinzi vya Xintang na kwenye foleni za bandari ya Huangpu. Kilitosha kuulizia bei na kuelewa nikikataliwa. Hata hivyo watu walianza kuniita mkalimani, nami sikuwasahihisha.

Akaja Mama Julienne, mfanyabiashara wa Lubumbashi, mtu wa kanisa na mtu wa utani. Mumewe alikuwa na shamba kubwa na alipenda kuwinda humo kwa upinde. Alimwagiza upinde wa kisasa, ule wenye vigurudumu viwili kwenye ncha na kamba zinazopishana katikati. Nikampeleka kwenye duka la vifaa vya michezo. Mwenye duka, laobani kama tunavyowaita mabosi hapa, alikuwa mama wa makamo asiye na maneno mengi. Akashusha upinde mmoja ukutani, akamwonyesha Mama Julienne, kisha akanigeukia mimi na kidole juu.

"Kong fang, bu xing!"

"Bu xing" niliijua vizuri: haifai. "Kong" niliijua pia, maana kontena tupu bandarini huitwa hivyo. Na "fang" ni kuweka. Nikaunganisha vipande vyangu, nikatoa tafsiri bila kumeza mate.

"Anasema usiwekwe kwenye boksi lenye nafasi tupu. Tujaze sponji, usije ukachezacheza njiani."

"Ule mama iko na akili," akasema Mama Julienne. "Tutajaza boksi yote mpaka ilie."

Nisimwonee laobani, alirudia maneno yake, nadhani mara mbili. Na kwenye upinde palikuwa na kibandiko chenye mchoro. Nilikipitia kwa jicho tu, sikukitafakari.

Hapa lazima nikurudishe nyuma kidogo. Nyumbani kwetu upinde wa baba ulining'inia juu ya kitanda chake, na sisi wasichana hatukuruhusiwa kuugusa. Asubuhi kabla ya kutoka aliuvuta kidogo bila mshale, akauachia, akatega sikio asikie uzi unavyolia. Kaka zangu walimwiga kwa pinde zao za fimbo. Mimi kazi yangu ilikuwa kufagia pale chini. Sina kinyongo na baba, ndivyo mambo yalivyokuwa, lakini mlio ule niliutamani.

Basi laobani akaingia stoo kutafuta boksi. Mama Julienne akatoka nje kumpigia mumewe simu. Nikabaki mimi na upinde. Sijui kama nilitaka kuupima kwa ajili ya mteja, au nilitaka tu kuwa kaka yangu kwa dakika moja. Nadhani ni hilo la pili.

Nikavuta. Mwanzoni ulikuwa mgumu. Lakini pinde hizi zina tabia ambayo wa baba haukuwa nayo: ukifika mwisho, uzito unapungua ghafla, kama mtu amekupokea mzigo. Nikafurahi. Nikasimama pale kama mwindaji. Kisha nikataka kuurudisha polepole, na uzito ukarudi wote kwa mara moja. Vidole vyenye jasho vikaponyoka.

Haukulia kama wa baba. Ulipiga kishindo, kama mlango wa kontena uliobamizwa, na mtikisiko ukanipanda hadi kwenye meno. Laobani akauliza kwa sauti kutoka stoo kuna nini. Nikajibu nimeangusha kiti. Halafu, mwanangu, nikakiangusha kiti kweli, ili nisiwe mwongo.

Nikaukagua upinde. Uzi ulikuwa mahali pake, vigurudumu mahali pake, rangi haikuchubuka. Nikajiambia hakuna kilichotokea, nikautundika tena ukutani.

Mama Julienne akaingia anacheka. "Bwana yangu amefurahi! Anasema ile siku upinde itafika, palepale ataivuta. Dada, waambie wanipe ilee ya ukuta, nimeizoea sura."

Nikawaambia. Mdomo wangu mwenyewe ndio uliowaambia.

Siku mbili baadaye tulikuwa Huangpu, mizigo yake inapangwa kontenani. Sikulala vizuri siku zile, ingawa siwezi kuapa kuwa ni kwa sababu ya upinde. Kulikuwa na joto pia. Kando yetu palikuwa na kontena tupu, na karani akabandika karatasi yenye ile herufi ya "kong" ambayo niliweza kuisoma. Nikakumbuka nimeiona karibuni. Nimeiona wapi? Kwenye kibandiko cha upinde, chini ya mchoro wa upinde usio na mshale, umekatwa kwa mstari mwekundu.

Wakati huohuo wapakiaji wawili walikuwa wanashusha mzigo kwa kamba, na wa chini akampigia kelele mwenzake aliyeshikilia: "Fang! Fang!" Yule wa juu akaachia kamba.

Kumbe fang ni kuachia pia. Usiuachie mtupu, bila mshale. Ndilo alilokuwa ananiambia yule mama.

Kontena lilikuwa karibu kufungwa kwa sili, ile lakiri isiyofunguliwa hadi mwisho wa safari. Likishafungwa, boksi lile lingefika Lubumbashi lilivyo. Nikamfuata Mama Julienne, nikamweleza yote, na sikuyaeleza kwa mpangilio.

"Ngoja kwanza," akasema. "Wewe ulivuta?"

"Nilivuta, ukaniponyoka."

"Na kiti?"

"Kiti nilikiangusha baadaye."

Alicheka, kidogo. Kisha kicheko kikakatika. Akakunja ngumi akaiweka shavuni, chini kabisa ya jicho. "Bwana yangu anavutaka huku. Unaona? Huku! Na ulikuwa unaniacha niitume?"

Akawapigia wapakiaji kelele kwa Kifaransa, Kiswahili na mikono. Walilalamika, na walikuwa na haki, maana boksi lilikuwa nyuma kabisa. Lakini walilitoa.

Dukani nilimweleza laobani yote, naye akamwita fundi wake, mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kichwa. Hakuuvuta upinde hata kidogo. Alichukua kipande cha pamba, akakipitisha taratibu kwenye mikono ya upinde, zile pande mbili zinazopinda, juu na chini. Mkono wa chini, karibu na kigurudumu, pamba ikanasa. Akaivuta, ukabaki uzi mweupe mmoja umening'inia kwenye ufa ambao macho yangu hayakuuona hata baada ya kuonyeshwa. Ukiachiwa bila mshale, alisema, nguvu yote huurudia upinde wenyewe; angevuta mtu tena na tena, mkono ule ungeweza kumpasukia usoni. Kama ufa wote ulitokana na mimi, hakutaka kuapa. Namshukuru kwa hilo, lakini sijitetei nalo.

Nilitegemea fundi anigombeze kwa kuuvuta. Alisema polepole, kwa maneno ya kitoto ili nielewe: "Kuponyoka, kila mtu. Mimi pia, zamani. Lakini kwa nini uliutundika?"

Mama Julienne alipewa upinde mwingine. Msimu uliofuata alimchukua mkalimani mwingine, na alikuwa na haki. Msimu wa tatu alirudi kwangu. "Wewe angalau unasemaka," aliniambia, "hata kama unachelewa."

Wewe umefika juzi, mwanangu, na tayari watu wanakuita mkalimani. Neno usilolielewa, uliza tena, hata mteja akikuona mjinga. Chombo usichokijua, usikijaribu kwa mazoea ya nyumbani. Na kikikuponyoka, kwa sababu kitakuponyoka, usikivute tena kuhakikisha, wala usikirudishe mahali pake kwa kuwa kinaonekana kizima. Kiweke chini, mwite mwenye mali, mwambie palepale, hata kabla mlio haujaisha masikioni. Atakayekivuta baada yako hana macho ya kuona ulichokificha.

Mungu aishike mikono yako inapotetemeka. Na hilo lisipotosha, aufungue mdomo wako mapema kuliko alivyoufungua wangu. Amina.