Mvua Niliyoipima kwa Chupa

Mwezi wa saba, nyumbani kwetu Mshangano, dunia huchelewa kufika. Unafungua mlango wa jikoni asubuhi na mparachichi ulio hatua kumi mbele yako haupo. Unasubiri. Linatokea shina, halafu tawi la chini, halafu kuku aliyelala juu yake, na hadi saa tatu bado huna uhakika kama jirani ana nyumba. Manyunyu hayaanguki, yanaelea tu. Wageni kutoka Dar es Salaam hushuka stendi na mashati ya mikono mifupi, wakauliza kama hii ni Tanzania ile ile.

Nilirudi katika ukungu huo nikiwa na shahada ya jiografia na sina kazi. Kitu kikubwa nilichotoka nacho chuoni kilikuwa tabia ya kuuliza: nani kasema, kapima lini, kapimia nini. Mama alinichoka ndani ya wiki moja.

"Wewe hata chumvi unaihoji," alisema.

Jikoni kwetu, juu ya mafiga, yalining'inia mashada sita ya mahindi, yamefungwa kwa maganda yake yenyewe na kuwa meusi kwa moshi. Yalikuwa ya bibi, mama yake mama, aliyefariki mwaka uliotangulia. Punje zake ni nyeupe na ngumu, na ugali wake una harufu ambayo sijui niifananishe na nini, labda udongo uliopata mvua. Majirani walishaacha kuyapanda zamani, wananunua mbegu dukani, na hata mama shamba lake kubwa alilipandia mbegu za dukani. Ni kipande cha nyuma ya nyumba tu kilichokuwa cha mahindi ya bibi. Msimu wa msiba hakikupandwa. Moshi huzuia dumuzi, wadudu wanaotoboa punje, lakini si milele; mwaka huo ilikuwa lazima yarudi ardhini, la sivyo yangebaki unga.

Ukungu ukaondoka, ukaja upepo wa mwezi wa nane na vumbi lake, kisha joto. Mwezi wa kumi milima yote ilijaa moshi wa nyasi zilizochomwa, jua likawa jekundu mchana, na miti ya porini ikatoa majani mekundu kabla hata ya tone moja kuanguka. Sijawahi kupata jibu la kuniridhisha kuhusu majani yale. Yanajuaje? Akina mama walipita na mabeseni ya masuku, matunda ya porini, nasi tulikaa barazani tukila na kutema mbegu, macho yote juu.

Chumba cha mbele alipanga Myao mmoja wa Tunduru, mfanyabiashara wa korosho.

"Mimi naomba mvua ichelewe," alisema siku moja. "Korosho za kaka zangu bado ziko chini ya miti. Zikilowa zinakuwa nyeusi, hazina mnunuzi."

"Na mimi jumuiya nzima tunasali ije," mama akamjibu.

"Mungu ni mmoja, mama mwenye nyumba. Atapanga Mwenyewe, inshallah."

"Basi akupe jua huko kwenu, mimi anipe mvua hapa. Barabara ya Tunduru ni ndefu, vitagawana njiani."

Nikauliza Mungu hutumia kigezo gani maombi mawili yakigongana.

"Dada msomi ameamka," mpangaji akasema, akachukua suku jingine.

Nilikuwa tayari na chombo changu. Nilikata shingo ya chupa kubwa ya mafuta ya kula, nikachora mistari ubavuni kwa rula, nikaifunga kwenye kigingi karibu na ukuta wa jikoni ambapo kuku hawakuwa na desturi ya kupita. Daftari nililiweka dirishani. Nilitaka mwaka huo mtu mmoja Mshangano aseme mvua imenyesha kiasi gani bila kutumia maneno "nyingi" na "kidogo".

Ilikuja katikati ya Novemba, alasiri. Harufu kwanza, kisha kishindo juu ya bati hadi tukawa tunaongea kwa ishara. Kesho yake asubuhi kumbikumbi walijaa uani, na chupa yangu ilikuwa imevuka nusu.

Mama alikwenda na jembe nyuma ya nyumba, akachimba shimo, akazamisha mkono. Alipoutoa alinionyesha udongo ulioganda vidoleni.

"Unyevu umeishia hapa," alisema, akigusa kifundo cha pili cha kidole. "Bado."

"Mama, chupa imevuka nusu. Wewe umechimba shimo moja tu. Huwezi kuamua shamba zima kwa shimo moja."

"Na chupa zako ziko ngapi?"

Ilinipasa niishie pale pale. Badala yake nilimwambia chupa haikisii. Nilimsomesha juu ya siku za kukua na hasara ya kuchelewa, nikizunguka naye hadi jikoni. Aliyatazama mashada juu ya mafiga. Kisha akapanda kwenye kigoda na kuyafungua mashada, moja baada ya jingine.

"Haya, msomi. Unajua hakuna mengine."

"Najua."

Tulipanda yote, punje mbili mbili kila shimo. Siku ya sita yalichomoza, na kwa wiki moja nilitembea pale nyuma kama mwenye mji. Halafu mbingu ikafunga. Kila alasiri mawingu yalikusanyika upande wa Ruhuwiko, yakaning'inia huko, yakayeyuka. Miche ikajisokota majani, ikaanza kuwa rangi ya majivu.

"Alhamdulillah, nyumbani kunawaka jua," mpangaji alisema akikata simu, kisha akaniona uso, akaingia chumbani kwake.

Siku moja mchana lilipita wingu dogo. Lilimwaga dakika chache, vumbi likapata madoadoa tu. Nikaenda kwenye chupa bila matumaini. Ilikuwa na maji vidole viwili. Nikasimama nikiitazama, na nikiwa hapo tone likaanguka ndani yake, wakati mvua ilishakatika. Jingine. Nikainua macho. Pembe ya bati ilitokeza juu ya ukuta, na kutoka mfereji wake maji yalishuka moja kwa moja, kama uzi, hadi mdomoni mwa chupa.

Nilikuwa nimemhoji kila mtu, na Mungu pia. Chupa sikuihoji.

Nilimwita mama. Alitazama bati, akatazama chupa, akanitazama mimi.

"Kumbe ulikuwa unapima paa," alisema. Hakucheka. "Chukua ndoo."

Kisima kiko bondeni. Hatukuweza kuokoa yote. Mama alichagua matuta mawili ya karibu na nyumba, yaliyobaki akayapa kisogo na hakuyatazama tena. Kila alfajiri tulimwagia shina kwa shina kwa kopo. Wapita njia waliacha baiskeli zao kutushangaa.

"Shikamoo mama! Mahindi yenu yana homa?"

"Marahaba. Yamelazwa."

"Wodi ipi, tuje kuyaona?"

"Njoo na maji, usije na maneno."

Aliyekuja na maji alikuwa mpangaji. Asubuhi ya tatu nilimkuta njiani amejitwika ndoo, suruali amekunja hadi magotini.

"Niliomba jua," alisema. "Nimesikilizwa kupita kiasi."

Mvua ya kweli ilirudi siku chache kabla ya Krismasi, bila kishindo, ikanyesha siku nzima kama mtu anayezungumza usingizini. Mama alichimba, mkono ukazama hadi kiwiko. Matuta yaliyokufa tulipandia mbegu za dukani. Mawili yale yalisimama, mafupi, yamejikunyata, lakini yakabeba.

Mwaka ukazunguka. Juzi nilipanda kwenye kigoda kile kile kuning'iniza mbegu, mama akinipa kutoka chini. Mashada mawili.

"Safari hii nani atasema siku ya kupanda?" aliuliza.

"Tutachimba mashimo matano."

"Na chupa?"

"Nimeihamishia katikati ya shamba. Nimeizungushia miiba, kuku wasiiangushe."

"Eti mashimo matano," alisema, akaenda kuchochea moto.

Leo asubuhi nilitoka na daftari kuitafuta chupa hiyo kwenye ukungu, nikiipapasa kwa mguu. Ndani yake mlikuwa na maji kidogo, hayafiki mstari wa kwanza. Hakuna mvua iliyonyesha. Sijui niyaite nini. Nikaandika kiulizo, nikageuka, na nyumba haikuwepo. Nikafuata harufu ya moshi hadi ilipo.