Mama Mkwe na Nondo wa Uani

Mama mkwe wangu alifagia wodi za hospitali tangu ujana wake, na alipostaafu, usafi wote akauhamishia kwangu. Mende akionekana jikoni, ninayetazamwa ni mimi. Nikifagia, naye anafagia palepale nilipofagia. Nimeshachoka kusema. Mkwe ni mkwe, unameza mate unaendelea.

Mwanamke huyo ndiye Mungu aliyempa mtoto anayependa wadudu. Mume wangu anafundisha sayansi sekondari, na tangu anioe, mke mwenzangu amekuwa nondo mmoja, kipepeo wa usiku, wa kahawia, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, asiye na uzuri hata wa kusingizia. Hapatikani nchi nyingine yoyote. Vitabuni ametajwa mara moja tu, kisha wataalamu wakaamini ametoweka. Mume wangu akamkuta uani petu, nyuma ya choo, kwa sababu kiwavi wake hali kitu isipokuwa gugu moja lililotambaa kwenye ukuta wa hapo. Kwingine kote alikotafuta, hakumpata.

Aliandika barua mpaka akachoka. Hatimaye mtaalamu wa wadudu kutoka chuo kikuu akapiga simu: anakuja Jumamosi kuhakikisha kwa macho yake. Mume wangu siku hizo alikuwa anacheka peke yake. Mama yeye aliuliza tu mgeni anakula nini.

Jumamosi mume wangu akaenda stendi kumpokea, mimi nikaenda sokoni. Niliporudi, nilinusa moshi kabla sijafungua geti. Ua ulikuwa unang'aa. Ukuta wa nyuma ya choo ulikuwa mtupu, umesuguliwa kwa sabuni hadi juu, na kwenye shimo la taka gugu lilikuwa linamalizikia kuungua, mizizi na yote. Mama amesimama kando, kavaa gauni lake la kutokea.

"Msomi mzima hawezi kuja kwangu akute msitu chooni," akaniambia.

Nikamwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuthubutu kuitumia mbele yake, kwamba msitu huo ndio alioufuata mgeni.

"Si anakuja kumwona mdudu? Mimi nilijua yumo kwenye chupa."

Kwenye chupa! Miaka yote mwanawe anaeleza mezani, yeye anafuta meza.

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, mengine nimeyatunza tangu harusi. Lakini alikuwa ameshapiga magoti na gauni lile lile, anachokora majivu kwa kijiti, anageuza jani moja moja lililobaki. Hata raha ya kumgombeza akaninyima.

Geti likafunguliwa. Mgeni akaingia akisifu usafi wa nyumba. Mama hakumkaribisha.

"Mwanangu," akasema, "nimeichoma kazi yako."

Mume wangu ni mtu wa kusema "haidhuru" hata ukimmwagia chai ya moto. Tulisubiri aseme. Alivua miwani, akaenda nyuma ya choo akasimama kuutazama ukuta, na mama akabaki kwenye majivu akimsubiri.