Sentensi Tatu za Monika

Kwa miaka kumi na miwili Monika alipiga deki zahanati moja huko Lalago, na hakuna mgonjwa aliyewahi kumsemesha Kiingereza. Hata hivyo barua ikaja: asiye na cheti cha kidato cha nne, mkataba wake unakoma Januari. Ati siku hizi ndoo na tambara navyo vinataka cheti! Ujanani alikuwa amekikosa kwa somo moja tu, Kiingereza. Basi mama wa watu, na miaka yake arobaini na mitatu, akajiandikisha kulirudia.

Alifundishwa na mwalimu Marcelo, mstaafu aliyetoa twisheni jioni kwenye ghala la pamba msimu ukiisha. Marcelo alikuwa na sheria moja, nayo hakuilegeza kwa yeyote.

"Sentensi ya kitabuni sitaki. Andika lililo kweli kwako, halitakutoka kichwani."

Siku ya look after aliwaeleza matumizi yake: kumtunza mtu, kuangalia mali, kusimamia kazi. Tena watu wakiagana, mmoja humwambia mwenzake ajitunze. Sentensi ya kwanza ya Monika ilikuwa I look after my mother, maana mama yake alikuwa amepooza, na huu ulikuwa mwaka wa sita anamlisha uji kwa kijiko. Ya pili ilikuwa ya mbuzi wa jirani, ya tatu ya stoo ya zahanati.

"Hiyo ya kuagana sina, mwalimu. Sijawahi kuambiwa."

"Iache. Tatu zinatosha."

Alizikariri huku akimgeuza mama kitandani.

"Unasema nini, ng'wanone?" mama akamuuliza mwanawe kwa Kisukuma.

"Nakusema wewe, mayu. Nasema ninakutunza."

"Hilo mbona nalijua."

Mama alifariki wiki ya mtihani. Walimzika Jumanne, na Alhamisi Monika akaingia chumba cha mtihani macho yamevimba. Maswali mengi yalimpita juu kwa juu, lakini lile lake lilikuwepo: tunga sentensi tatu za look after. Akaandika I look after my, kalamu ikagoma. Angemalizia tu, nani angejua? Msahihishaji hakumfahamu mama yake. Lakini Monika alikuwa amefundishwa kuandika la kweli, na la kweli lilikuwa limezikwa juzi. Akaifuta sentensi. Kilio kikamshika, na mbuzi na stoo navyo vikamtoka kichwani.

Januari matokeo yalitoka, akapata F. Mwisho wa mwezi alikabidhi ndoo na funguo za stoo. Nje ya geti alimkuta Marcelo akimsubiri, kofia mkononi. Tangu Monika amsimulie ya chumba cha mtihani, mzee alikuwa akijilaumu kwa ile sheria yake, na mimi simtetei.

"Look after yourself, Monika," alisema.

Kwa mara ya kwanza maishani Monika alielewa Kiingereza bila kukitafsiri. Akaitikia kwa kichwa, akaenda nyumbani kupika uji wa mtu mmoja.