Taa Nyeupe ya Sebuleni

Tangu nihamie Malindi kikazi kutoka bara, hakuna aliyewahi kunipigia hodi. Muuza balbu alinishauri nichukue ya manjano kwa sebule, kwani nyeupe hufaa mahali pa kazi. Mimi nikanunua nyeupe kuliko zote, nikidhani mwanga mkali ungepunguza upweke.

Jioni hiyohiyo mama mmoja mwenye leso akabisha hodi. Nikampa shikamoo, nikamkalisha, nikammiminia chai. Nikamsimulia kazi yangu, mamangu aliye mbali, hata mgongo unaoniuma. Alinisikiliza kwa subira, hadi nikaanza kumwita shangazi.

“Pole kwa yote, mwanangu,” akasema, akiweka kikombe chini. “Sasa niuzie dawa ya kikohozi, niende zangu. Nilivyoona taa nyeupe hivi, nikajua hatimaye tumefunguliwa duka la dawa.”