Kwa Muli kwenye ramani

Leo binti yangu ameitwa mgeni pale lilipokuwa duka la babake!

Mwende anachora mji wetu uitwao Wote kwenye ramani ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kurekebisha.
Nikamwomba aandike "Kwa Muli", pale marehemu mume wangu alipofungua duka miaka ya sabini, kukiwa na vichaka tu.

"Mwaitu, mama yangu, duka lilibomolewa. Tunaandika vitu vilivyopo."

Nikatazama pale mlango wake ulipokuwa. Hata jina nalo liende?

Akaniona. Akamgeukia msichana anayeuza nyanya pale.
"Hapa panaitwaje?"
"Kwa Muli. Kwani wewe ni mgeni?"
"Muli ni nani?"
"Simjui. Lakini ni kwake."

Mwende akaandika, huku akipangusa macho.

Kwenu nako, kunaitwa kwa nani?